Paka Mgeni

Katika nchi ya Bulyanhulu, mkoani Shinyanga, watu wengi wamekuja kwa ajili ya dhahabu. Mgodi mkubwa uliochimbwa chini ya ardhi ulifunguliwa mwaka 2001, na vijiji vya kando yake, kama Kakola, vimepata wageni wengi. Lakini dhahabu hailiwi. Watu hula mahindi, mchele na mtama, navyo huwekwa katika magunia na ghala. Penye nafaka, panya hawakosi. Panya shamba jike aweza kuzaa watoto kumi au zaidi kwa mara moja. Hivyo panya wachache wakiachwa, huwa wengi upesi, na chakula cha mwaka hupungua. Ndiyo sababu watu hutafuta paka.

Paka huyo hutoka kwingine. Huenda amepewa na jirani, au ameokotwa sokoni hali amekonda. Katika miji mingine ziko nyumba za kutunzia wanyama waliotupwa. Nairobi, kwa mfano, chama cha KSPCA hupokea paka na mbwa wasio na wenyewe, na kuwatafutia watu wa kuwatunza. Basi paka hutiwa katika kapu, akaletwa juu ya baiskeli au pikipiki, akafunguliwa katika nyumba asiyoijua. Mara hukimbilia chini ya kitanda, asitoke. Chakula hagusi. Watoto humvuta mkia, naye huwaparura. Ndipo watu husema, "Paka huyu ni mbaya," wakamfukuza. Na usiku ule ule panya hurudi ghalani.

Je, paka huyo ni mbaya? La, ana hofu, na hofu yake ina sababu.

Sababu ya kwanza ni harufu. Paka huijua nyumba kwa pua. Katika mashavu yake mna tezi ndogo zenye harufu ambayo mwanadamu hawezi kuisikia. Akijisugua mlangoni au katika mguu wa meza, huacha harufu hiyo pale, kama mtu atiavyo alama katika mali yake. Katika nyumba mpya hapana alama yake hata moja.

Sababu ya pili ni masikio. Paka husikia sauti nyembamba sana zipitazo uwezo wa sikio la mtu, hata mlio wa mtoto wa panya. Mnyama mwenye masikio kama hayo hushtuka sana asikiapo lori likipita, au karasha likivunja mawe.

Sababu ya tatu ni asili yake. Mababu wa paka walikuwa paka wa mwitu, na jamaa zao wangaliko porini katika Afrika hata leo. Walianza kukaa karibu na watu pale wakulima wa kwanza walipoweka nafaka na panya wakaifuata. Katika kisiwa cha Kipro limeonekana kaburi la miaka 9,500 hivi iliyopita, na ndani yake mtu na paka wamezikwa karibu karibu. Lakini paka wa mwitu huwinda peke yake, naye huwindwa na wanyama wakubwa. Kwa hiyo aonapo hatari, hujificha. Kujificha kwake ni akili, si ubaya.

Mwaka 2014 wataalamu wa Uholanzi waliwachunguza paka 19 walioletwa katika nyumba ya kutunzia wanyama. Wengine walipewa sanduku la kujifichia, wengine hawakupewa. Wale waliopata maficho walitulia mapema kuliko wenzao.

Basi paka mgeni apewe chumba kimoja chenye utulivu, na sanduku kuukuu lililolazwa ubavu. Awekewe maji, dagaa kidogo, na mbali na chakula, beseni la mchanga wa kujisaidia. Asifunguliwe nje kwa majuma mawili au matatu, asije akapotea akitafuta kwao. Mtoto na aketi sakafuni kimya, wala asimkazie macho, maana kwa paka kukaziwa macho ni kutishwa. Bali afumbe macho na kuyafumbua polepole. Kwa paka hiyo ni kama salamu.

Tena ajifunze kusoma mwili wake. Masikio yakilala nyuma na mboni zikipanuka, paka ana hofu, asiguswe. Mkia ukisimama wima, amekuja kwa amani. Paka akikaa siku mbili bila kula, bwana mifugo aitwe, maana ini lake huweza kuharibika. Na akimwuma au kumparura mtu, jeraha lioshwe kwa maji na sabuni muda wa dakika 15, kisha mtu huyo aende zahanati bila kukawia, kwa kuwa paka naye huweza kuleta kichaa cha mbwa.

Wako watu wamwogopao paka kwa sababu macho yake hung'aa gizani, wakamdhania kuwa mnyama wa wachawi. Kumbe nyuma ya jicho lake mna utando urudishao mwanga, kama kioo, ili aone penye nuru hafifu. Kushutumu bila kujua ni jambo la hatari. Katika mkoa huu huu vikongwe wameshutumiwa, hata kuuawa, kwa ajili ya macho mekundu, na wekundu ule waweza kuletwa na moshi wa jikoni wa miaka mingi.

Wazee walisema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe la paka ni kukamata panya, lakini yeye hungojewa zaidi ya siku tatu. Siku moja atatoka mwenyewe, mkia juu, na kusugua shavu lake katika mguu wa yule aliyemvumilia. Hapo amekwisha kutia alama yake: nyumba ile imekuwa yake, naye ataanza kuilinda ghala.