Je, Wajua? Halmashauri na Afya ya Wana Mtwara

Je, wajua kuwa kipindupindu kilichangia kuzifufua halmashauri? Serikali za mitaa zilifutwa mwaka 1972. Miji ikakosa mwenyewe, taka zikarundikana, mitaro ikaziba, na katikati ya miaka ya 1970 kipindupindu kikapiga hodi. Mwaka 1978 Bunge likarudisha halmashauri za miji. Za wilaya zikafuata kwa sheria za mwaka 1982.

Mkoa wa Mtwara sasa una halmashauri 9, kuanzia Manispaa ya Mtwara-Mikindani pwani hadi Nanyumbu, bara kabisa, kando ya Mto Ruvuma.

Je, wajua nani mwajiri wa muuguzi wa zahanati yako? Halmashauri. Lakini Hospitali ya Rufaa ya Ligula iko chini ya Wizara ya Afya tangu 2017. Zimamoto nao ni jeshi la Wizara ya Mambo ya Ndani, na maji ya vijijini ni ya wakala wa maji vijijini, RUWASA, tangu 2019. Diwani hulaumiwa kwa yote hayo, wakati mwingine kwa kuonewa.

Je, wajua kuwa mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo hutibiwa bila malipo? Halmashauri ndiyo humtambua na kumpa kitambulisho. Kama babu hana, aanzie kwa mtendaji wa kijiji.

Mamba na viboko wa Ruvuma hawasomi mabango. Mtu akijeruhiwa au kuuawa, kuna kifuta machozi. Shamba likiliwa, kuna kifuta jasho. Ni kanuni za mwaka 2011. Fedha hutoka wizara ya maliasili, ila taarifa huanzia kijijini na kupita kwa afisa wanyamapori wa wilaya. Usipotoa taarifa mapema, madai yako huenda yakaishia barazani kwako.

Je, wajua jinsi Mtwara ilivyonusurika Aprili 25, 2019? Kimbunga Kenneth kilikuwa kinakuja moja kwa moja, Mamlaka ya Hali ya Hewa ikatoa tahadhari, shule zikafungwa, na watu wakaambiwa wahame maeneo ya hatari. Jioni kikatua ng'ambo, Cabo Delgado, na huko Msumbiji zaidi ya watu 30 wakapoteza maisha. Wapo waliocheka baadaye kwamba walihamishwa bure. Hawakuhamishwa bure. Pwani hii si ngeni kwa vimbunga: Lindi ilipigwa Aprili 1952. Na tangu Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022, kamati za maafa zinatakiwa kuwapo hadi ngazi ya kijiji. Ya kwenu ina nani?

Je, wajua kuwa kampuni zinazofanya biashara eneo lenu, za gesi zikiwamo, hulipa halmashauri ushuru wa huduma? Ni sehemu ndogo tu ya mauzo, lakini mauzo ya gesi ya Ghuba ya Mnazi si ya genge la nyanya. Fedha hizo zinaweza kujenga wodi ya wazazi au kulipia mafuta ya gari la wagonjwa.

Mwisho: mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu, na mapato na matumizi husomwa hapo. Ukisikia mbiu, nenda, uliza zahanati ilinunua dawa zipi na kwa shilingi ngapi.