Lori la Mtoto Laenda Bila Kamba

Kila mzazi wa huku Ilemela anayajua magari ya watoto. Wengine huyatengeneza kwa waya na ndala zilizokatika, wengine kwa makopo ya mafuta, na siku hizi wengi wanayo malori ya plastiki yauzwayo na wamachinga. Yote yanafanana kwa jambo moja: hayaendi ila yavutwe kwa kamba, na mvutaji hana budi kuwa na miguu ya kukimbilia.

Mwanangu wa tatu aliikosa miguu hiyo mwaka jana. Alianguka kutoka mwembeni, mfupa wa mguu ukavunjika, akafungwa plasta gumu toka pajani hata kwenye vidole. Wiki ya kwanza wenzake walikuja kumtazama. Wiki ya pili walikuja kuliazima lori lake. Basi akawa akikaa mlangoni na kuliangalia likipita njiani na vumbi lake, na hapo ndipo aliponiuliza, "Baba, haliwezi kwenda lenyewe?"

Nataka kuwaeleza, ndugu wasomaji, jinsi lilivyokwenda. Jambo lenyewe si gumu kama nilivyodhani mimi, wala si rahisi kama alivyodhani fundi.

Kwanza yafaa kujua ya kwamba gari la rimoti lina viungo vitatu. Rimoti iliyo mkononi hutoa mawimbi ya redio. Katika magari ya bei nafuu mara nyingi ni mawimbi ya megahezi 27, yaani kila wimbi lina urefu wa mita 11 hivi. Ndani ya gari mna kibao cha saketi kinachoyapokea mawimbi hayo na kuyafahamu: huyu asema mbele, huyu asema kushoto. Kiungo cha tatu ni mota, ambayo haifahamu lolote, bali huzunguka ikipewa umeme. Betri ni chakula chao wote.

Wala si jambo jipya. Mwaka 1898, huko New York, Nikola Tesla aliwaonyesha watu mashua ndogo majini ikitii amri zilizotumwa kwa mawimbi ya redio. Wako waliodhani ni uchawi. Nasi wa pwani ya ziwa hili tumeona makubwa zaidi: mwaka 2018 ndege ndogo isiyo na rubani ilijaribiwa kupeleka dawa kisiwani Ukerewe, kilometa 60 kwa muda wa dakika 40 hivi. Mwanangu alipolisikia hilo alisema lori lake halihitaji kufika Ukerewe. Likifika kwa bibi yake yatosha.

Tulianza kwa kuomba. Jirani alikuwa na gari dogo la rimoti lililokanyagwa na bodaboda. Umbo lilikuwa limepondeka kabisa, lakini rimoti na kile kibao vilikuwa vizima. Nikampa mtoto bisibisi alifungue mwenyewe. Nilimwonya jambo moja tu: kabla ya kukata waya wowote, aufunge uzi wa rangi na kuandika mahali ulipotoka. Alitumia siku mbili. Ni siku mbili za kwanza ambazo hakuuliza plasta itatolewa lini.

Jumamosi akaja fundi redio, kijana wa Kirumba, mpole sana. Akaamkia, akalitazama lori, akasema, "Mzee, hii ni kazi ya nusu saa." Ilichukua Jumamosi tatu.

Kosa la kwanza lilikuwa la mota. Tuliifunga mota ya lile gari dogo kwenye mhimili wa lori, ikanguruma tu pasipo kwenda. Mota ndogo huzunguka maelfu ya mara kwa dakika, lakini nguvu ya kusukuma haina. Lazima iwe na magurudumu ya meno, dogo likisukuma kubwa, ili mbio zipungue na nguvu iongezeke. Fundi akaagiza kwa basi kutoka Dar es Salaam mota mbili za manjano zilizo na meno yake ndani. Hizo mota huzunguka mara 48 ili gurudumu lizunguke mara 1.

Mama yao hakufurahi. "Nauli ya mota," alisema, "na betri nne kwa mchezo, wakati saa ya ukutani imesimama tangu Pasaka!" Sikuwa na jibu. Nilikwenda kununua betri tano.

Kwa nini mota mbili? Kwa sababu usukani wa lile gari dogo haukuingia katika lori. Fundi akaamua kila gurudumu la nyuma liwe na mota yake. Njia ya rimoti ya mbele na nyuma ikapewa gurudumu la kushoto, na njia ya usukani ikapewa la kulia. Zikizunguka zote, lori laenda moja kwa moja. Ukisimamisha moja, lageuka upande huo. Magurudumu ya mbele yangelikwaruza chini wakati wa kugeuka, kwa hiyo tuliyainua kidogo, kisha tukaweka chini yake ile tufe ya chupa ya manukato ya kwapani, ambayo hubingirika kila upande. Hilo lilikuwa wazo la mtoto, nami nasema hivyo bila haya.

Kosa la pili lilitutesa zaidi. Lori lilitii likiwa karibu, lakini likifika hatua tano latetemeka kama mgonjwa wa homa. Fundi alijua sababu: ndani ya mota mna cheche ndogo ndogo, na cheche hutoa kelele ya mawimbi inayokizuia kibao kusikia amri. Dawa yake ni kapasita ndogo yenye namba 104, iliyochomewa kwa risasi katikati ya miguu miwili ya mota. Kila mota yake. Baada ya hapo lori lilifika kwenye mwembe ule ule.

Wenye magari ya makopo wafahamu hili: mawimbi hupita katika plastiki bila shida, lakini bati huyazuia. Waya wa antena na utokeze nje ya kopo. Tena, rimoti mbili za mawimbi yale yale haziwezi kutumika pamoja. Watoto watagombana, kila mmoja akimlaumu mwenzake kwamba ameliiba gari lake.

Sasa neno la hatari, nawaomba akina mama mlisome mara mbili. Betri zetu zilikuwa zile za saa ya ukutani, nne, volti 6 kwa jumla. Lakini ziko rimoti zinazotumia betri bapa kama kifungo. Mtoto mdogo akiimeza, na ikakwama kooni, yaweza kumwunguza vibaya kwa muda wa saa mbili tu. Usingoje aitoe, usimtapishe, mpeleke hospitali mara moja. Vilevile msifungue betri za kompyuta zilizotupwa, maana zaweza kulipuka moto. Na aliyeshika risasi anawe mikono kwa sabuni kabla ya kula.

Dominika moja baada ya Misa watoto wote wa jirani walikusanyika uani. Mwanangu alikaa kitini, mguu mbele, rimoti mkononi. Lori likabeba nusu kilo ya sukari hadi kwa bibi yake, hatua kama ishirini, likielekea kulia kidogo kwa sababu kumbe njia ya usukani ina transista dhaifu na gurudumu lile huzunguka polepole. Bibi aliipokea sukari kwa mikono miwili.

Plasta ilitolewa, naye sasa anakimbia kama wenzake. Juzi nilikuta lori limefunguliwa tena, na kile kibao kimewekwa ndani ya chupa ya maji iliyokatwa kwa urefu. Anataka kuipeleka ziwani. Nimemruhusu, kwa sharti kwamba nyuma yake aifunge kamba.