Maktaba ya Bahari ya Mkomani: Makusanyo na Huduma Zake

Maktaba ya Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, inayojulikana zaidi kwa kifupi cha KMFRI, iko Mkomani, bara ya kaskazini ya Mombasa, ng'ambo tu ya kisiwa. Ingawa ni ya taasisi wala si ya chuo kikuu, kazi yake ni ile ile ya maktaba ya utafiti: kukusanya, kupanga na kumfikishia mtafiti maandishi anayoyahitaji. Hufaa pia wanafunzi wa sayansi ya bahari, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kilichoko Tudor na wa Chuo Kikuu cha Pwani kilichoko Kilifi.

Taasisi hiyo iliundwa mwaka 1979. Kabla ya hapo, utafiti wa bahari katika Afrika Mashariki ulisimamiwa na shirika la pamoja, EAMFRO, lililokuwa Zanzibar, na ule wa maji baridi ukaendeshwa na shirika jingine kutoka Jinja, Uganda. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, kila nchi ililazimika kujijengea taasisi zake, na pamoja nazo maktaba.

Makusanyo ya maktaba ya aina hii ni ya mafungu mawili makubwa. La kwanza ni vitabu na majarida ya kisayansi, ambayo nakala zake hupatikana pia katika maktaba nyingine duniani. La pili ni maandishi yasiyouzwa dukani: ripoti za miradi, taarifa za safari za meli za utafiti, tasnifu za wanafunzi, mada za warsha na hesabu za samaki wanaoshushwa madikoni. Aghalabu hutolewa kwa nakala chache mno, na zikipotea hakuna pa kuzifuata.

Thamani ya fungu hili huonekana pale mazingira yanapobadilika. Mwaka 1998 joto la bahari lililoandamana na El Niño liliua matumbawe mengi ya pwani ya Kenya. Anayetaka kujua miamba ilikuwaje kabla ya hapo hawezi kuiuliza miamba yenyewe. Hana budi kurejea vipimo vilivyoandikwa miaka iliyotangulia. Ndivyo ilivyo pia kwa mikoko ya Mtwapa au ya Ghuba ya Gazi: kupungua kwake hupimwa kwa kulinganisha na rekodi za zamani.

Kwa upande wa huduma, hatua kubwa ilipigwa mwaka 1989 ulipoanzishwa mradi wa RECOSCIX-WIO, uliokuwa na kituo chake hapo hapo KMFRI na kuungwa mkono na Tume ya Bahari ya UNESCO pamoja na Ubelgiji. Mtafiti wa nchi yoyote ya Bahari ya Hindi Magharibi aliweza kuomba makala kutoka Mombasa. Ikiwa haikuwepo rafuni, wakutubi waliitafuta katika maktaba za ng'ambo, kisha wakamtumia nakala. Huduma hiyo iliziba pengo la majarida ambayo bei yake taasisi za kanda zisingeimudu.

Intaneti imebadili njia, si lengo. Hazina ya kidijitali ya OceanDocs ilihifadhi maandishi ya taasisi za bahari ili yasomwe bila malipo. AGORA, mpango wa Shirika la Chakula na Kilimo ulioanza mwaka 2003, huzifungulia taasisi za nchi zenye kipato kidogo majarida ya kilimo, uvuvi na mazingira kwa bei nafuu au bure. Takwimu zenyewe, kama vile joto na chumvi ya maji, hutunzwa na kituo cha kitaifa cha data za bahari, nacho kiko KMFRI.

Mgeni hunufaika zaidi akifika na swali mahususi: mahali, spishi na kipindi cha miaka. Katalogi humwonyesha kilichochapishwa. Kwa ripoti za zamani, afadhali amwone mkutubi, kwani nyingi hutambulika kwa jina la mradi kuliko la mwandishi.