Friji kuukuu, rangi mpya, kutu ileile

"Fundi, nianze na dawa ipi ya kutu kabla sijalipaka friji rangi?" Hapa Mwamanyili ananiuliza mwenye duka la soda, ananiuliza mama lishe, ananiuliza muuza samaki, na kila mmoja anakuja na jibu lake mkononi: kopo la redoksaidi. Analipaka juu ya kutu, anafunika kwa rangi nyeupe ya mafuta, friji linang'aa Krismasi yote. Masika yakiingia anarudi na lawama kwamba ameuziwa rangi feki.

Rangi si feki. Huo wekundu wa redoksaidi ni unga wa oksidi ya chuma, kwa hiyo kikemia hauko mbali na kutu unayoikimbia. Hauui kitu. Redoksaidi ni praima, rangi ya kutangulia, na praima inafanya kazi kwa sababu inashika kwenye chuma kisafi na kukizuia kisikutane na maji na hewa, basi. Ukiipaka juu ya kutu, praima imeshika kutu, na kutu yenyewe haijashika chuma. Siku inapobanduka inaondoka na rangi yako.

Na lazima itabanduka. Chuma kinapogeuka kutu kinavimba, kinachukua nafasi zaidi ya mara mbili ya ile ya mwanzo, na unyevu uliofungiwa kwenye magamba unaendelea na kazi huko ndani. Chuchumaa uangalie ukingo wa chini wa mlango, chini ya raba, pale maji ya barafu yanapotuama. Utaona vipele kwenye rangi, vidogo kama punje ya mtama. Toboa kimoja kwa ukucha: yanatoka maji ya rangi ya chai. Vuta hiyo ngozi ya rangi, inakuja kipande kizima, na upande wa nyuma imebeba unga mwekundu. Sasa niambie dawa ilifanya nini pale.

Zipo kemikali zenye asidi ya fosfori zinazogeuza kutu nyembamba, lakini hata hizo hazikuondolei kazi ya kukwangua magamba kwanza. Wengine wanapangusa kwa dizeli au oili chafu. Mafuta hayo yanabaki kwenye vishimo vya chuma, na rangi haishiki juu ya mafuta. Anayetumia petroli badala ya thina karibu na friji lililochomekwa kwenye umeme sina la kumwambia. Swichi ya kompresa hutoa cheche. Na tuache kulisingizia ziwa kwamba ndilo linaloleta kutu. Ziwa Victoria ni maji baridi, upepo wake haubebi chumvi kama wa Tanga au Mtwara. Chumvi iliyoko kwenye friji lako umeimwaga wewe.

Haya, kazi yenyewe. Chomoa waya, toa chakula chote, litoe friji nje kwenye kivuli, siku kavu isiyo na vumbi. Osha kwa sabuni na maji ya moto mpaka mafuta ya kupikia yaishe, kausha. Palipo na kutu piga brashi ya waya, kisha msasa namba 80, mpaka chuma king'ae. Kwingine kote msasa namba 220, kwa sababu rangi ya kiwandani ni laini mno na mpya itateleza juu yake. Pangusa vumbi kwa kitambaa chenye thina kidogo, lakini raba na plastiki usiziguse, thina inaziyeyusha. Praima siku hiyohiyo. Rangi ya mafuta mikono miwili myembamba, kwa rola ndogo au ya kupuliza, na mlango ukae wazi mpaka ikauke kabisa, la sivyo raba itagandia. Bati likiwa limetoboka, tafuta wa kuliziba kwanza. Ndani usipake chochote.

Kuta za pembeni za friji zinazopata joto zina mabomba ya gesi nyuma ya bati. Msasa ruksa, patasi na drili hapana. Kibandiko chenye aina ya gesi kifunike kwa tepu ya karatasi, usikipake rangi. Mafriji mengi ya siku hizi yana R600a, gesi inayowaka moto, na fundi atakayekuja kulijaza anatakiwa kukisoma kibandiko hicho kabla hajawasha mtungi wake wa kuchomelea.