Tovuti Ipo, Simu Hailii: Jinsi Takwimu za Watembeleaji Zinavyosaidia Biashara Kuonekana Google

Mtu aliye Buruburu au Mombasa akitaka kawa la Kinubi, lile la kusukwa kwa rangi nyingi la kufunikia chakula, siku hizi haanzi kwa kuuliza jirani. Anatoa simu, anaandika maneno mawili matatu kwenye Google, kisha anasoma majibu ya juu. Mama anayesuka makawa hayo yuko Makina, katika wadi ya Makina, eneo bunge la Kibra. Huenda hata ana tovuti aliyotengenezewa na kijana wa mtaani. Picha zimewekwa, nambari ya simu imeandikwa, na bado simu hailii.

Kabla ya kulipa pesa zaidi, mwenye biashara anapaswa kujua shida iko wapi. Je, tovuti haionekani kabisa? Inaonekana lakini watu hawaibofyi? Au wanaibofya, wanaingia, halafu wanatoka bila kununua? Hayo ni matatizo matatu tofauti, na kila moja lina dawa yake. Zipo programu mbili za bure za Google zinazoyatofautisha. Search Console huonyesha yanayotokea nje ya mlango: maneno ambayo watu waliandika, mara ngapi tovuti ilitokea kwenye majibu, mara ngapi ilibofywa na wastani wa nafasi iliyoshika. Analytics huonyesha yanayotokea ndani: wageni walitoka wapi, walitumia simu au kompyuta, walifungua kurasa zipi na walikaa muda gani.

Jambo moja hueleweka vibaya. Kuweka Analytics kwenye tovuti hakuipandishi hata nafasi moja. Programu hiyo ni kama mizani ya kliniki: humwambia mama uzito wa mtoto, lakini haimlishi. Kinachopandisha tovuti ni marekebisho yanayofanywa baada ya kusoma takwimu.

Pa kuanzia ni orodha ya maneno ndani ya Search Console, kwa kuwa hapo ndipo mfanyabiashara husikia lugha ya wateja wake. Fundi wa nguo anaweza kuwa ameandika “fashion designer” kila ukurasa, na kumbe watu wanatafuta “fundi wa nguo karibu na Toi” au “kushona dera Kibra”. Hata jina la mtaa lina mtego. Eneo bunge linaitwa Kibra, jina lililo karibu na neno la Kinubi linalomaanisha msitu, lakini watu wengi huandika Kibera. Mwenye tovuti anayetumia moja tu ajiulize wanaotumia la pili watampata vipi. Orodha itamwonyesha, na kuyataja yote mawili mahali panapofaa si kazi kubwa. Neno Makina likiwa peke yake pia halitoshi, kwani kwa Kituruki humaanisha mashine, na intaneti imejaa mashine za Kituruki. “Makina, Kibera, Nairobi” huondoa utata.

Baada ya maneno hufuata hesabu. Tuseme ukurasa wa makawa ulionyeshwa mara 400 kwa mwezi na kubofywa mara 4. Huyo ni mtu mmoja kati ya 100. Ikiwa wastani wa nafasi yake ni 5, basi watu wanauona na kuupita, na mara nyingi kosa ni kichwa cha ukurasa kinachosema “Karibu kwenye tovuti yetu”. Hakuna aliyewahi kutafuta maneno hayo. Kichwa kinachosema “Makawa ya Kinubi ya kusukwa kwa mkono, Makina, Kibera” humwambia mtafutaji kwamba amefika. Lakini kama wastani ni 35, kubadilisha kichwa pekee hakutoshi, maana ni wachache wanaofika huko chini. Hapo ukurasa wenyewe unahitaji nyama: ukubwa wa kawa, bei, linachukua siku ngapi kusukwa, na namna linavyotumwa nje ya Nairobi. Mambo ambayo wateja huuliza kwa simu kila siku ndiyo yanayostahili kuandikwa.

Ndani ya Analytics, cha kutazama kwanza ni simu. Google huitathmini tovuti kwa kuangalia jinsi inavyoonekana kwenye simu, na wateja wengi wa mtaani wanaifungua kwa bando la kuhesabu. Picha iliyopigwa kwa simu ya kisasa na kupandishwa bila kupunguzwa inaweza kuwa na megabaiti 4 au 5. Zikiwa kumi kwenye ukurasa mmoja, mteja wa bando dogo anaondoka kabla hajaona kawa hata moja. Kupunguza picha hakugharimu kitu. Mwenye tovuti akumbuke pia kwamba akiifungua mwenyewe mara ishirini kwa siku, na watoto wakaifungua, takwimu zitanona bila mteja hata mmoja.

Tovuti za zamani zina kasoro nyingine. Toleo la awali la Analytics liliacha kuhesabu wageni tarehe 1 Julai 2023. Tovuti ambayo bado ina namba ya ufuatiliaji inayoanza na UA haipokei takwimu yoyote. Ya sasa huanza na herufi G.

Akaunti za programu hizi zifunguliwe kwa barua pepe ya mwenye biashara, kisha fundi wa tovuti aongezwe kama mtumiaji. Zikifunguliwa kwa barua pepe ya fundi naye akahamia mji mwingine, mama wa makawa hubaki nje ya mlango wake mwenyewe. Vilevile kuna watu wanaopiga simu wakiahidi kuiweka biashara nafasi ya kwanza Google kwa ada ya kila mwezi. Google yenyewe inasema hakuna anayeweza kutoa hakikisho hilo, na kwamba haipokei malipo ili kupandisha tovuti katika majibu ya kawaida. Matangazo ya kulipiwa ni kitu kingine, na huwekewa alama kuwa ni matangazo.

Wageni nao wana haki zao. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, mtu anapaswa kujulishwa data yake inapokusanywa na sababu yake. Tovuti inayofuatilia wageni iwe na maelezo mafupi kuhusu hilo, kwa lugha ambayo mteja anaielewa. Malalamishi hupelekwa kwa Afisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data.

Asiye na tovuti hajaachwa nyuma. Hadi 2009 Kibera ilikuwa karibu eneo tupu katika ramani za mtandaoni, mpaka vijana wa mtaani walipotembea vichochoroni na vifaa vya GPS katika mradi wa Map Kibera, wakachora njia, shule, zahanati na vyoo. Leo kibanda cha Makina kinaweza kuwekwa kwenye ramani ya Google bure kupitia Wasifu wa Biashara, pamoja na saa za kufungua na nambari ya simu. Wasifu huo pia una takwimu zake: ni wangapi waliuona, na ni wangapi walibonyeza kupiga simu au kuuliza njia.

Mabadiliko hayaonekani kesho yake. Google huchukua siku kadhaa, wakati mwingine wiki kadhaa, kuurudia ukurasa uliorekebishwa. Search Console huhifadhi takwimu za miezi 16, kwa hiyo mfanyabiashara anaweza kulinganisha Ramadhani ya mwaka huu na ya mwaka jana, au Desemba na Desemba, badala ya kulinganisha jana na leo. Ni vyema kurekebisha ukurasa mmoja kwanza, kuandika tarehe kwenye daftari la mauzo, kisha kuifungua ripoti tena baada ya mwezi.