Nyota wa Mpira na Nyundo

Niliweka picha kwenye kundi la familia: wachezaji wa hapa Houston wanapiga rangi nyumba ya mtu. Mtoto wa kaka yangu akarukia, "Shangazi, si watoe hela tu, fundi alipwe? Umeshakuwa Mmarekani." Wengine wakamwaga vicheko. Basi nijibu.

Hela wanatoa. Kimbunga Harvey kilipoizamisha Houston Agosti 2017, J.J. Watt wa Houston Texans, timu ya mpira wa Kimarekani, alianzisha mchango akilenga dola 200,000. Ulipofungwa ulikuwa umepita milioni 37. Warrick Dunn, mchezaji wa mpira huohuo, alimtangulia kwa miaka mingi. Mama yake, askari polisi wa Baton Rouge, aliuawa kwa risasi mwaka 1993 akiwa kwenye kibarua cha ulinzi, akaacha watoto sita. Mwaka 1997, msimu wake wa kwanza akiichezea Tampa Bay, Dunn akaanza kuwachangia wazazi wanaolea peke yao malipo ya awali ya nyumba, na kuwawekea samani.

Nyundo sasa. Nyumba za huku ni mbao zilizosimamishwa, zikafunikwa jipsamu. Ukuta wa jipsamu kitasa cha mlango kinautoboa, kwangu kijana ameshautoboa kwa mpira. Maji yakiingia, unanyonya kama mkate kwenye chai, na baada ya siku mbili tatu ukungu umeota ndani. Lazima ukatwe, mara nyingi hadi futi nne, utolewe pamoja na sufi iliyojazwa katikati, makabati na mazulia, vyote virundikwe barabarani. Fundi wakati huo hapatikani, na akipatikana bei yake usiulize. Ila kubomoa hakutaki ufundi, kunataka mikono mingi na haraka, na jitu la kilo 120 hapo ni mali. Nyumba yetu ya tofali Tanga ungesukuma tope nje, ukafungua madirisha, jioni ukapika. Halafu hii ndiyo nchi tajiri!

Kazi za kujenga na kupaka rangi, kama ile ya pichani, mara nyingi husimamiwa na Habitat for Humanity, shirika lililoanzishwa mwaka 1976 na Millard na Linda Fuller, waliotoka kujenga nyumba Mbandaka, Zaire. Kwenye ujenzi hawamruhusu aliye chini ya miaka 16. Mwanangu ana 15, akanuna wiki nzima kana kwamba sheria nimeitunga mimi. Dada yake alikwenda, maana shule inamdai saa za kujitolea, nami nikatia sahihi fomu ndefu kwamba akiumia sitashtaki. Kwa kushika brashi! Alirudi na rangi kwenye misuko niliyoilipia juzi, akisema mchezaji aliyepangwa naye alipaka fremu ya mlango hadi kwenye kioo, bibi mwenye nyumba akamnyang'anya brashi. Kumsimulia mdogo wake hachoki.

Wazazi wenzangu wa huku, fomu ikija isomeni hadi mwisho, na mtoto msimsuke kabla.