Kelele Iliyogeuka Kipimo

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, mhandisi Takuo Aoyagi wa kampuni ya Nihon Kohden nchini Japani alitaka kupima kiasi cha damu kinachosukumwa na moyo. Alipitisha mwanga katika sikio la mtu aliyedungwa rangi, lakini mapigo ya mshipa yalimvuruga mchoro. Alipotafuta njia ya kuyafuta, aligundua kwamba mapigo hayohayo yalibeba habari za oksijeni iliyomo katika damu ya ateri. Ugunduzi huo, alioutangaza mwaka 1974, ndio msingi wa oksimeta inayobanwa kidoleni leo.

Kisa hiki ni somo jema kwa mwanafunzi wa uhandisi wa tiba anayejifunza uchakataji wa ishara: kabla ya kuita jambo kelele, lichunguze limetoka wapi.

Oksimeta humulika kidole kwa mwanga mwekundu na mwanga wa infraredi. Sehemu kubwa hunyonywa na ngozi, mfupa na damu ya vena karibu bila kubadilika. Sehemu ndogo tu hupanda na kushuka kwa kila pigo la moyo. Chombo hulinganisha mabadiliko hayo katika mianga yote miwili, kisha hukadiria oksijeni kwa kufuata vipimo vilivyochukuliwa awali kwa watu wa kujitolea.

Mwingilio wa umeme wa hezi 50 huchujika kwa wepesi, kwa kuwa moyo hupiga mara moja au mbili tu kwa sekunde. Mkono unaotikisika kwa mwendo unaokaribia ule wa moyo ni shida kubwa zaidi, kwani kichujio kikiuondoa mtikisiko huathiri na pigo lenyewe.

Rangi ya ngozi nayo ina athari. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 katika New England Journal of Medicine uliwahusu wagonjwa nchini Marekani. Pale oksimeta ilipoonyesha asilimia 92 hadi 96, kipimo cha damu ya ateri kilikuwa chini ya 88 katika asilimia 11.7 ya vipimo vya wagonjwa weusi, na asilimia 3.6 ya vipimo vya weupe.

Kwa hiyo mhudumu aupashe joto mkono uliopoa, aondoe rangi ya kucha, amtulize mgonjwa, kisha alinganishe mapigo ya chombo na yale anayoyahesabu mwenyewe. Na mgonjwa anayehema kwa shida asirudishwe nyumbani kwa sababu tu tarakimu ni nzuri.